Kiasi na Kujizuia: Utulivu wa Nafsi Unatoka Wapi?

Miongoni mwa maswali ambayo wanafalsafa na wanavyuoni wa dini wameyarudia kwa zaidi ya miaka 2000, lipo moja linalomgusa kila mtu aliyewahi kukataa kitu alichokitaka: kati ya mtu anayelitamani jambo baya kwa nguvu lakini akajizuia asilitende, na mtu ambaye jambo hilo halimvutii tena, yupi aliye mwema zaidi? Wa kwanza ana ushahidi wa jasho lake, kwa kuwa amepigana na amelipa gharama; wa pili hana vita vya kuonyesha, na kwa sababu hiyo huenda ikadhaniwa kwamba hana pia ushindi wa kudai. Hata hivyo watu wengi, wakiulizwa wangependa kumkabidhi nani mali ya yatima, hawatasita kumchagua yule asiyevutwa na mali ya wengine kuliko yule anayevutwa nayo kila siku na kujishika kila siku. Hukumu hizi mbili, ile inayomsifu mpiganaji na ile inayomwamini mtulivu, zote zina uzito, na makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba haziwezi kupatanishwa mpaka liulizwe swali la tatu, nalo ni la chanzo: utulivu wa huyo mtulivu umetoka wapi?

Fadhila inayojadiliwa, yaani tabia njema iliyokita nafsini, kwa Kiswahili huitwa kiasi. Kiasi kwa maana hii ni hali ya nafsi inayomfanya mtu ale, anene, akasirike, atumie mali na astarehe kadiri inavyofaa, bila kupitiliza na bila kupunguza isivyostahili. Wanaosoma vitabu vya Kiislamu vya akhlaki huikuta kwa jina la iffa, na Wakristo huikuta mwishoni mwa orodha ya tunda la Roho katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya 5. Kabla ya kuuliza mwenye kiasi ni nani, inafaa kuwatenga wale wanaofanana naye kwa nje tu. Yuko asiyelewa kwa sababu hana fedha ya kununulia pombe, yuko asiyeiba kwa sababu mlinzi hajasinzia, na yuko asiyekula sana kwa sababu homa imemwondolea hamu ya chakula. Matendo ya watatu hawa hayana lawama, lakini hayatoki katika tabia. Fedha ikipatikana, mlinzi akisinzia au homa ikipoa, mwenendo hubadilika siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kiasi hakiwezi kupimwa kwa kutazama tendo peke yake, na hapo ndipo ugumu wote wa swali hili unapoanzia.

Ugumu huo ulionekana mapema katika maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Athens aliyefariki mwaka 347 K.K. Katika mazungumzo yake yanayoitwa Charmides, Socrates anamwuliza kijana mmoja anayesifiwa kwa kiasi aeleze fadhila hiyo ni nini. Kijana anajibu kwanza kwamba ni upole wa mwendo na wa maneno, kisha kwamba ni haya. Majibu haya mawili ndiyo ambayo jamii nyingi, pamoja na jamii za Waswahili, zingeyatoa bila kufikiri sana, kwa kuwa kijana anayesema taratibu na kuinamisha macho mbele ya wakubwa huhesabiwa kuwa amelelewa. Socrates anayakataa yote mawili: yako mambo ambayo wepesi ni bora kuliko utaratibu, na ziko nyakati ambazo haya humdhuru mwenye dhiki anayepaswa kusema. Mazungumzo yanakwisha bila jibu. Baadaye, katika kitabu cha nne cha Jamhuri, Plato anaigawa nafsi katika sehemu tatu, yaani akili, ghadhabu na matamanio, na kukieleza kiasi kuwa ni makubaliano ya sehemu zote tatu juu ya ipi inayostahili kutawala. Jambo la kuzingatiwa ni hilo la makubaliano, kwa kuwa akili inayotawala kwa kuyabana matamanio yanayonung'unika imepata utiifu, lakini haijapata amani.

Aristotle, mwanafunzi wa Plato aliyefariki mwaka 322 K.K., aliichukua tofauti hiyo na kuipa mpangilio ambao umetumika hadi leo. Katika Maadili ya Nicomachus anawapanga watu katika hali nne kuhusiana na anasa za mwili, yaani chakula, kinywaji na tendo la ndoa. Wa kwanza ni mwenye kiasi, ambaye fadhila yake kwa Kigiriki huitwa sofrosune: anatamani yanayofaa, kwa kadiri inayofaa, na kuyaacha yasiyofaa hakumuumi. Wa pili ni mwenye kujizuia, ambaye hali yake huitwa enkrateia: matamanio yake ni mabaya na yana nguvu, lakini anaifuata akili. Wa tatu ni mnyonge wa nia, ambaye hali yake huitwa akrasia: anajua lililo bora, analikusudia, kisha anashindwa na kutenda kinyume, na baadaye anajuta. Wa nne ni fasiki, ambaye anafuata anasa kwa kuamini kwamba ndivyo inavyompasa kuishi, na kwa hiyo hajuti. Kwa mpangilio huu wa pili na wa tatu wako karibu sana kwa ndani, kwani wote wawili wamegawanyika, ila mmoja anashinda na mwingine anashindwa; na tofauti kati ya wa kwanza na wa pili, ambayo kwa macho ya jirani haionekani kabisa, ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mmoja ni mzima na mwingine angali na mgawanyiko moyoni.

Mpangilio huu ukichukuliwa peke yake unaelekea kumpunguzia heshima mpiganaji, na hapo unakutana na pingamizi zito kutoka katika dini. Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inafundisha kwamba mwenye nguvu wa kweli si yule anayewaangusha wenzake katika mieleka, bali ni yule anayeimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Na mafunzo haya hayamsifu asiyekasirika, yanamsifu aliyekasirika akajimiliki. Paulo naye, katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, anamfananisha mwamini na mshindani wa mbio anayeutesa mwili wake ili apate taji. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliandika katika Maungamo yake jinsi alivyoomba kwa miaka apewe usafi wa mwili huku akihofu kwamba ombi lake lingejibiwa upesi, na wasomaji wa karne nyingi wamejiona humo zaidi ya wanavyojiona katika mtu asiyetikisika wa Aristotle. Ikiwa thawabu inafuatana na taabu, na ikiwa subira haina maana pasipo kitu kinachouma, basi mtulivu hana cha kulipwa, na hilo ni gumu kulikubali, kwa sababu lingemaanisha kwamba kadiri mtu anavyokua katika wema ndivyo anavyopungukiwa na wema.

Aliyelishughulikia tatizo hili kwa umakini wa pekee ni Abu Hamid al-Ghazali, aliyezaliwa Tus katika Khurasani mwaka 1058 na kufariki huko huko mwaka 1111. Kitabu chake kikubwa, Ihya Ulum al-Din, kina vitabu 40 ndani yake, na kimoja kati ya hivyo kinahusu mazoezi ya nafsi. Humo anaieleza tabia kuwa ni hali iliyokita nafsini ambayo matendo hutoka kwayo kwa wepesi, bila kuhitaji fikira ndefu wala kujikaza. Kwa kipimo hicho anayetoa sadaka kwa kujilazimisha bado hajawa karimu, ingawa ameshika njia ya ukarimu. Ghazali anawajibu pia wale wanaosema kwamba maumbile ya mtu hayabadiliki: kokwa ya tende, anasema, si mtende wala si mtofaa, lakini imeumbwa hivi kwamba ikitunzwa inaweza kuwa mtende, ingawa kwa utunzaji wowote haiwezi kuwa mtofaa. Hivyo kinachotakiwa si kuyang'oa matamanio wala hasira, kwa kuwa mtu asiye na hamu ya chakula angekufa na asiye na hasira hata kidogo asingejilinda wala kuwalinda wake. Kinachotakiwa ni kuvirudisha katika wastani. Wanavyuoni waliieleza safari hiyo kwa majina matatu ya nafsi yaliyomo katika Kurani: nafsi inayoamrisha maovu, inayotajwa katika sura ya Yusuf, nafsi inayojilaumu, inayotajwa katika sura ya al-Qiyama, na nafsi iliyotulia, inayotajwa katika sura ya al-Fajr.

Katika kitabu cha toba, ambacho ni sehemu ya Ihya hiyo hiyo, Ghazali analiuliza swali letu waziwazi. Watu wawili wametubia dhambi moja. Mmoja nafsi yake ingali inavutwa na dhambi hiyo naye anapambana nayo, na mwingine hana tena mvuto huo. Anaeleza kwamba wafuasi wa Abu Sulayman al-Darani walimpa ubora yule anayepambana, kwa sababu ana fadhila ya toba na juu yake ana fadhila ya jihadi, yaani juhudi dhidi ya nafsi. Na kwamba wanavyuoni wa Basra walimpa ubora yule wa pili, kwa sababu yuko karibu zaidi na usalama. Ghazali anaona kwamba kila kundi lina sehemu ya haki, na kwamba kosa lao ni kumzungumzia mtulivu kana kwamba ni mtu wa aina moja. Ikiwa mvuto wake umekwisha kwa sababu mwili umechoka na matamanio yamefifia yenyewe, basi mpiganaji ni bora kuliko yeye, kwa kuwa juhudi yake inathibitisha nguvu ya yakini na ya dini yake. Lakini ikiwa mvuto umekwisha kwa sababu ya nguvu ya yakini na kwa juhudi zilizotangulia, basi huyo ni bora kuliko mpiganaji, kwa kuwa mapambano hayakutakiwa kwa ajili ya mapambano. Yalitakiwa ili adui ashindwe, na aliyekwisha kushinda hapungukiwi na kitu kwa kuwa haendelei kupigana.

Zaidi ya miaka 150 baadaye, Thomas wa Aquino, mtawa wa Kidominiko aliyefariki mwaka 1274, alilikuta swali lilo hilo katika kitabu chake kikuu cha teolojia, Summa, katika sehemu inayochambua fadhila moja moja. Naye alikabiliwa na hoja kwamba mwenye kujizuia anastahili zaidi kuliko mwenye kiasi, kwa kuwa anashinda mvuto mkali zaidi. Jibu lake ni kwamba kiasi ni bora, kwa sababu kwa mwenye kiasi mwanga wa akili umefika hata katika matamanio yenyewe, ilhali kwa mwenye kujizuia umeishia katika nia tu. Kisha anaongeza kwamba udogo wa mvuto una sababu mbili. Ukitokana na mwili, kama vile maumbile au umri, hupunguza stahili ya mtu. Ukitokana na roho, kama vile upendo mkubwa au nguvu ya akili, huongeza stahili yake. Mwislamu wa Khurasani na Mkristo wa Italia, waliotenganishwa na lugha, dini na zaidi ya karne moja, walifikia kipimo kile kile, na kufanana huko si ajabu ikikumbukwa kwamba wote wawili walikuwa warithi wa mafundisho ya Wagiriki, ambayo katika ulimwengu wa Kiislamu yalikuwa yamekwisha kupangwa na wanafikra kama Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, katika kitabu chake cha kusafisha tabia.

Kipimo hiki cha chanzo kinatatua mambo ambayo katika maisha ya kila siku huhukumiwa vibaya. Mwanzoni mwa Jamhuri mzee Kefalo anafurahi kwamba uzee umemwokoa na matamanio ya ujana, na watu wengi huyaita maisha ya namna hiyo maisha ya kiasi. Yanaweza kuwa hivyo, lakini hayawi hivyo kwa sababu ya mvi. Mzee ambaye mwili wake umenyamaza huku moyo wake ungali unayasimulia maovu ya zamani kwa fahari hana kiasi, ila amestaafu. Kinyume chake, kijana aliyeacha kucheza kamari mwezi uliopita na ambaye bado anapita mtaa wa pili ili asilione duka la kamari hajafikia kiasi, lakini yuko katika njia yake, na kukwepa kwake mtaa ni sehemu ya hekima. Vivyo hivyo mfungaji wa Ramadhani au wa Kwaresima ambaye hujizuia mchana kutwa kisha hulipiza usiku kwa mlo wa kushindana na majirani amedumisha kujizuia kwa saa kadhaa, lakini hajaiacha saumu imfundishe nafsi kwamba inaweza kuridhika na kidogo, ingawa lengo la kufunga katika dini zote mbili ni kubadilisha kile ambacho moyo unakitafuta.

Ikiwa kiasi si kujizuia tu, bado zaidi si kujinyima tu. Hadithi iliyopokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim inasimulia habari za watu watatu, mmoja aliyeazimia kusali usiku kucha siku zote, wa pili kufunga bila kukoma, na wa tatu kutooa maisha yake yote. Mtume aliposikia aliwakemea, akawaeleza kwamba yeye mwenyewe hufunga na kula, husali na kulala, na huoa. Thomas naye aliuhesabu kuwa ni dhambi ubaridi wa mtu anayezikataa anasa ambazo maumbile yameziambatanisha na uhai, ila akizikataa kwa sababu njema, kama vile afya, kazi fulani au sala. Katika mafunzo haya yote starehe si adui. Anayekula chakula chake kwa furaha, akashukuru na akaacha akiwa ameshiba, yuko karibu na kiasi kuliko anayekula kidogo kwa uchungu huku akiwadharau wanaokula.

Historia ya karne ya 19 inaonyesha jinsi fadhila hii inavyoweza kupunguzwa ikawa jambo moja tu. Katika Marekani na Uingereza zilianzishwa harakati zilizojiita kwa jina la kiasi, na mwanzoni nyingi ziliwataka watu waache pombe kali na wanywe bia au mvinyo kwa kadiri. Lakini mwaka 1832 mjini Preston, Uingereza, Joseph Livesey na wenzake sita walitia saini ahadi ya kuacha vileo vyote, na tangu hapo katika lugha ya watu wengi mwenye kiasi akawa ni asiyekunywa kabisa. Marekani ilifikia hatua ya kukataza pombe kwa marekebisho ya katiba yaliyoanza kutekelezwa Januari 1920, na ikayafuta Desemba 1933. Haifai kuwacheka watu hao, kwa kuwa waliona familia za wafanyakazi zikiangamizwa na ulevi, na kwa mtu aliyekwisha kutekwa na pombe kuacha kabisa ndiko kunakoitwa kiasi, kwani kidogo kwake hakipo. Hata Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu la Kikristo lililotoka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 likaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwapa wengi uhuru wa namna hiyo. Na kwa Mwislamu kileo ni haramu kwa amri, hivyo suala la kadiri haliingii. Kinachopaswa kuepukwa ni kudhani kwamba aliyekwisha kuacha kinywaji kimoja amekamilisha fadhila, ilhali ulimi wake, hasira yake na mapato yake havijaguswa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu msingi wa maadili, aliongeza onyo ambalo wapenzi wa kiasi wanapaswa kulisikia. Kiasi katika hisia, kujitawala na utulivu wa fikira, anasema, ni mambo yanayofaa kwa mengi, lakini si mema bila masharti, kwa sababu mhalifu mwenye damu baridi ni wa hatari zaidi, na pia anachukiza zaidi, kuliko mhalifu mwenye papara. Mlaghai anayeweza kungoja miaka 10 bila kujionyesha, au mtawala dhalimu asiyelewa wala kupandwa na hasira, wamejitawala kwa ajili ya uovu. Plato, Aristotle na wanavyuoni waliowafuata wangejibu kwamba hicho hakistahili kuitwa kiasi, kwa kuwa fadhila haziwezi kutenganishwa: matamanio ya kutawala na ya kumiliki ni matamanio pia, na mtu aliyeyanyamazisha yale ya tumbo ili ayalishe haya amebadilisha bwana tu. Jibu hilo ni la kweli, lakini onyo la Kant linabaki na faida yake, kwa kuwa linamlazimisha mtu aulize si tu kama anajitawala, bali anajitawala kwa ajili ya nini.

Saikolojia ya siku hizi imeleta ushahidi unaokubaliana na wazee hawa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia watu wazima 205 nchini Ujerumani kwa muda wa wiki moja, wakiulizwa mara kwa mara kupitia simu walizopewa wana tamaa gani na kama wanaipinga. Wale waliopimwa kuwa na uwezo mkubwa wa kujitawala hawakuonekana kupigana zaidi ya wengine. Walipigana kidogo zaidi, kwa sababu tamaa zenye kuwagawanya ziliwajia mara chache. Kwa lugha ya Aristotle, waliokuwa wakifanana na mwenye kiasi hawakuhitaji sana nguvu za mwenye kujizuia.

Lakini sayansi hiyo imefundisha pia kwamba kujizuia hakukui mahali popote. Majaribio ya Walter Mischel katika Chuo Kikuu cha Stanford, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, yaliwapa watoto wadogo hiari ya kula kitu kitamu mara moja au kungoja wapate viwili, na wengi waliyaelewa matokeo ya baadaye kuwa yanaonyesha kwamba mtoto anayengoja atafanikiwa maishani. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake walionyesha kwamba watoto waliokwisha kuahidiwa kitu na mtu mzima kisha ahadi ikavunjwa walingoja kwa wastani wa takribani dakika 3, ilhali wale waliotimiziwa ahadi walingoja takribani dakika 12. Mwaka 2018 uchambuzi mpya wa kundi kubwa zaidi la watoto uliona kwamba uhusiano kati ya kungoja na mafanikio ya baadaye hupungua sana hali ya familia inapozingatiwa. Mtoto anayekula upesi, basi, huenda hana kasoro ya tabia. Huenda amejifunza kwa usahihi kwamba ahadi za wakubwa hazitegemewi.

Matokeo haya yana uzito wa kimaadili unaopita saikolojia, kwa kuwa yanauliza ni nani anayedaiwa kiasi kwanza. Ni rahisi kwa aliyeshiba kumhubiria mwenye njaa ubora wa kutotaka mengi, na mahubiri ya namna hiyo ni dhuluma hata yakiwa na maneno matukufu, kwa sababu kiasi ni kadiri ifaayo, na kinachopungukia mahitaji ya mtu kiko mbali na kadiri hiyo sawasawa na kinachoyapita. Fadhila hii inawadai kwanza walio na nafasi ya kupitiliza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchini Tanzania lililielewa hilo lilipowaelekezea masharti yake viongozi wenyewe: kiongozi wa chama tawala cha TANU au wa serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, wala asimiliki nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa na chama kilichorithi TANU katika kikao cha Zanzibar mwaka 1991. Kwa mtazamo wa makala haya historia hiyo inafundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba sheria inaweza kuuzuia mkono bila kuugeuza moyo, na kwa hiyo kujizuia kwa amri hudumu kadiri amri inavyodumu, lakini pia kwamba bila sheria inayouzuia mkono ni wachache ambao moyo wao hupata muda wa kugeuka, kwa kuwa tamaa inayolishwa kila siku haifundishiki.

Kwa msingi huo mgogoro kati ya mpiganaji na mtulivu unapata suluhisho lake katika mpangilio wa wakati. Kujizuia ni mwanzo usioepukika, kwa sababu hakuna nafsi inayotulia kabla ya kukataliwa mara nyingi. Kiasi ni ukomavu, kwa sababu mapambano yasiyo na mwisho yangekuwa ushahidi kwamba hakuna kilichojifunzwa. Kutokana na hayo hufuata kanuni mbili za mwenendo ambazo zinaonekana kupingana lakini zinategemeana. Kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, mtu hapaswi kuridhika na kujizuia, bali ajiulize kila mara anachokikataa kama bado anakipenda, na kama ametulia, ajiulize utulivu huo umeletwa na kuchoka, na hofu, na kukosa nafasi, au na kupenda kilicho bora. Kwa ajili ya mwenzake, hapaswi kudai utulivu kabla ya wakati wake, wala kumdharau anayejikaza hadharani, wala kumshangaa anayeanguka na kurudi, kwa sababu kila mtulivu wa kweli alipita hapo. Malezi, ibada na sheria zinazostahili kuheshimiwa ni zile zinazoziheshimu kanuni zote mbili, yaani zinazomzuia mtu leo kwa lengo la kumfikisha siku moja mahali ambapo hatahitaji kuzuiwa. Na jamii inayozuia tu, bila kuwapa watu wake kitu bora cha kupenda na bila viongozi wake kuanza wenyewe, itavuna utiifu wa muda na kuuita kwa makosa jina la kiasi.